Uzoefu wangu: fundi alizishusha nyuzi za mandolini yangu, mdundo ukapotea

Nilikusudia kuwaonya wapiga mandolini wenzangu wasikanyage katika karakana hii ya vyombo vya muziki hapa Kentucky, Marekani, na kwa kiasi kikubwa bado ninakusudia hivyo, ingawa kuna mambo mawili ambayo nikiyaficha nitakuwa mwongo.

Mimi hupiga mandolini, chombo kama gitaa dogo chenye jozi nne za nyuzi, katika bendi ya bluegrass, muziki wa nyuzi wa asili ya Marekani, na sehemu kubwa ya kazi yangu si solo bali ni kusindikiza. Muziki huu kwa desturi hauna ngoma. Sisi tuliolelewa na taarab, yenye dumbaki na rika, hushangaa kuona bendi nzima imepanda jukwaani pasipo hata tari, kisha tukagundua kwamba ngoma yenyewe ni mandolini. Besi hushika pigo la kwanza na la tatu. Mandolini hujibu katika la pili na la nne kwa mkato mfupi tunaouita chopu. Mkono wa kulia hupiga nyuzi kwa nguvu, na papo hapo vidole vya kushoto hulegezwa bila kuziacha, sauti ikafa. Kordi yangu ya G, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, hubanwa kwenye freti (vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo ya chombo) ya 7, 5, 2 na 3, kutoka nyuzi nene hadi nyembamba, wala hakuna uzi unaoachwa wazi, kwa sababu uzi usioguswa na kidole huendelea kulia. Bill Monroe, anayeitwa baba wa bluegrass, mzaliwa wa Rosine katika jimbo hili hili, aliijenga bendi yake juu ya mkato huo.

Nilipeleka chombo changu kwa sababu freti zilikuwa zimechakaa. Nilimweleza fundi anayepokea kaunta kwamba mimi hupiga ridhimu, hivyo nyuzi zibaki juu kiasi, mbali kidogo na freti. Akaandika kitu kwenye karatasi. Nilipokwenda kuichukua, siku nyingi baada ya ile niliyoahidiwa, nyuzi zilikuwa karibu zimelala juu ya freti. Nikapiga chopu palepale, na badala ya mkato mkavu ukasikika mkwaruzo. Nikamwuliza kulikoni. Bila kuinua macho akanijibu: "Wewe si unapiga ile chka-chka tu? Hiyo hakuna anayeisikiliza."

Hakuna anayeisikiliza! Mwimbaji huisikiliza, maana ndiyo inayomzuia asikimbie. Mpiga banjo huisikiliza kuliko wote, kwani noti zake humiminika bila kituo, na asiposikia pigo la pili na la nne huanza kuongeza kasi pasipo kujijua. Onyesho lililofuata lilinithibitishia hayo: wimbo wa kasi ulipofika katikati tulikuwa tumekwenda mbio hata mwimbaji akameza maneno, na fidla ilipoingia kwa solo yake sikujua kama nigonge kwa nguvu nikwaruze, au nipunguze nipotee kabisa.

Hata hivyo, haki yake nimpe. Freti zenyewe alizitengeneza vizuri ajabu. Ninapojaza mapengo kati ya mistari ya mwimbaji kwa noti moja moja, zinatoka safi kuliko nilivyowahi kuzisikia, na hilo linanikera zaidi, kwa kuwa mkono wa namna ile haukustahili mdomo ule. Basi labda nyota tatu.

Lakini nikikumbuka jinsi dawa yenyewe ilivyokuwa ndogo, nyota hizo naziondoa. Daraja la mandolini kama yangu, yaani kile kipande kinachoziinua nyuzi, halikugundishwa. Linashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi, na lina vigurudumu viwili vya kulipandisha na kulishusha. Niliporudi, mama mmoja mzee aliyekuwa akibadilisha nyuzi za banjo nyuma ya duka alikipokea chombo, akalegeza nyuzi, akazungusha kila kigurudumu kidogo, akazikaza tena, akahakikisha daraja halijasogea, kisha akapiga chopu moja mwenyewe. Akatikisa kichwa, akaongeza kidogo tena, akapiga. Safari hii ilikata. Hakuuliza natoka wapi, wala hakutaka hata senti.

Mama huyo nampa nyota tano, na nitampelekea hata gitaa la mwanangu. Yule wa kaunta sina nyota ya kumpa. Kwa kuwa siku nyingi yeye ndiye anayepokea, ushauri wangu kwa sasa ni kupiga simu kwanza na kuuliza kama mama yupo. Mkiambiwa hayupo, msiende.