Kisanduku cha kuwashia kompyuta ukiwa mbali: nimetoa nyota, nimezifuta, nimezirudisha

Nilianza kuandika haya nikiwa Tanga, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, na neno la kwanza lilikuwa "Msinunue." Nimelifuta. Sasa niko Dar na hasira imeshuka, ila nikikumbuka ile "Dada, wewe kaa pale" inapanda upya. Mtanivumilia.

Kazi yangu ni kutengeneza picha za majengo ambayo bado hayajajengwa. Msanifu ananiletea ramani, mimi namrudishia hoteli ina bwawa na watu wanakunywa madafu. Kazi hiyo haifanyiki kwenye laptop. Nina sipiyu moja kubwa, nzito kama gunia la mkaa, iko ofisini Kinondoni, na mara nyingi inarenda, yaani inapika picha za mwisho, usiku kucha mimi nimelala. Nikisafiri inabaki, siwezi kuipakata kwenye basi.

Programu za kuingilia kwa mbali ninazo siku nyingi, lakini zote zina ugonjwa mmoja: zinaishi ndani ya Windows. Windows ikigoma, au mashine ikizimika, na programu imekwenda nayo. Kisanduku hiki kinakaa nje. Waya wa HDMI unatoka kwenye kadi ya picha unaingia kwake, kompyuta inadhani imechomekewa skrini. Waya wa USB nao, kompyuta inadhani ni kibodi na kipanya. Halafu kuna vijiwaya vyembamba vinavyoingia ndani ya kava mpaka kwenye pini za swichi. Kwa hiyo hata mashine ikiwa imezimika kabisa, unafungua ukurasa kwenye simu, unabonyeza pawa, na ni kama kidole chako kimefika Kinondoni. Wanaoijua PiKVM, kifaa cha kuendeshea kompyuta kwa mbali, wameshaelewa, hiki ni cha ukoo huo. Jina lake sitalitaja, maana mengi nitakayoyasema si kosa lake. Ingawa na chenyewe kina lake, nitafika.

Nilikinunua duka moja la Kariakoo, laki tatu na nusu, na ufundi elfu hamsini juu. Ningeweza kufunga mwenyewe? Ningeweza. Kompyuta yenyewe nimeiunga kwa mikono yangu. Lakini zilikuwa zimebaki siku mbili nisafiri kwenda arobaini ya shangazi, nina kazi ya mteja mkononi, nikasema acha nilipe nipumzike. Hapo ndipo nilipokosea.

Fundi alikuja kijana nadhifu, begi la vifaa zuri kuliko langu. Nilipofungua kava mwenyewe akacheka. Nilipomwambia pini za swichi kwenye mazabodi hii, ile bodi kuu ya kompyuta, ziko kona ya chini kulia, na herufi zake ni ndogo kama chawa, nimshikie tochi, akasema: "Dada, wewe kaa pale. Hivi vitu vina ufundi wake." Nikakaa. Mimi! Kwenye ofisi yangu, kwenye kiti cha wageni, naangalia mgongo wa mtu.

Baada ya nusu saa akaniita nione. Mashine ilikuwa inawaka. Akatoa simu yake, akafungua ukurasa wa kisanduku, akabonyeza pawa. Skrini ikawa nyeusi, kidogo nembo ya mazabodi ikatokea, Windows ikaanza kupanda. "Umeona? Imezima, imewaka." Nikaona. Nikampa elfu hamsini yake, na soda.

Jambo moja lilinipita, na ndilo linalonichoma mpaka leo. Feni hazikunyamaza. Mashine yangu ikizimika kweli, feni zinashuka polepole, kuna mlio fulani kama mtu anashusha pumzi, halafu kimya. Siku ile skrini ilikwenda nyeusi lakini feni ziliendelea kuvuma. Masikio yangu yalisikia, akili ikasema twende.

Ya nenosiri nayapita haraka. Aliliacha lile la kiwandani, jina admin na nenosiri admin, nikalibadilisha jioni ile ile. Na aliponiambia lazima nikaombe anwani maalumu ya intaneti na kulipia kila mwezi, nikaweka Tailscale mwenyewe, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, bure, dakika kumi. Hayo ni makosa ya kawaida, nisingeandikia mtu.

Nikapanda basi stendi ya Magufuli, nikafika Tanga salama. Ijumaa nikaingia kwenye mashine kwa simu, iko hai, nikaanzisha kurenda picha za hoteli. Nikamwonyesha binamu yangu: hii hapa kompyuta yangu iko Dar. Akatazama. "Kwa hiyo?" Watu wengine huwezi kuwafurahisha.

Usiku wa Jumamosi LUKU ikaisha ofisini. Tunachangia na fundi cherehani wa chumba cha pili, na ilikuwa zamu yake kununua. Yupiesi, ile betri ya akiba, ikashikilia dakika zake chache, halafu giza. Asubuhi nikanunua umeme kwa simu, nikampigia mzee wa getini, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamsomea tarakimu ishirini, nne nne, yeye anabonyeza na kurudia kila moja kwa sauti. Umeme ukarudi.

Kisanduku kikaamka chenyewe, hapo nakipa sifa zake. Ukurasa ukafunguka vizuri: hakuna picha, taa ya pawa imezimwa. Nikajisemea, sasa ndiyo kazi uliyonunuliwa. Nikabonyeza pawa.

Hakuna kitu. Nikabonyeza tena, nikashikilia, nikahesabu mpaka kumi. Taa ile ya kijivu inanitazama tu. Nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe ambapo mtandao unashika vizuri. Wapi!

Nikampigia fundi. Haya ndiyo mazungumzo, sijaongeza chumvi:

"Dada, hiyo ni intaneti ya simu yako."

Nikamwambia ukurasa unafunguka, kila kitu kinaonekana.

"Basi unabonyeza vibaya."

Kitufe ni kimoja, kaka. Kinabonyezwaje vibaya?

"Mimi nilikuonyesha ikawaka. Au hukuona? Ungekuwa unaelewa hivi vitu usingenipigia Jumapili."

Halafu akakata. Nilipopiga tena ikaita mpaka ikachoka. Mara ya tatu haikuwa inapatikana. Hapo ndipo nilipoandika lile "Msinunue", na nikaongeza maneno kuhusu duka, kuhusu Kariakoo nzima na kuhusu teknolojia kwa jumla, ambayo namshukuru Mungu bando liliisha kabla sijayatuma.

Ikabidi nirudi kwa mzee. Anao ufunguo wa akiba. Yaani nimelipa laki nne nisimsumbue mtu aniwashie kompyuta, na bado namwomba mtu wa miaka sabini apande ngazi. Akafika juu, simu iko sikioni, nasikia anahema.

"Bonyeza kile kitufe kikubwa cha mbele, mzee."

"Nimebonyeza."

"Imewaka?"

"Kimya."

Moyo ukanishuka. Kitufe cha kava chenyewe kimekufa? Basi yule kijana kaniunguzia mazabodi. Nikaanza kupiga hesabu ya mazabodi mpya na prosesa, na nitamwambia nini mteja. Huku mzee bado yuko kwenye laini, nasikia anajisemea peke yake, "na haka kadogo ka chini ni ka nini," na kabla sijamjibu, feni zikavuma. Nilizisikia kupitia simu. "Eh! Limewaka," akasema, kama mtu aliyemkanyaga paka.

Nikamtumia elfu tano ya chai. Nikaingia, nikakuta kurenda kumekatikia njiani, nikaanza upya. Kazi ilifika kwa mteja Jumatatu imechelewa kwa saa nne, na mteja akasema alichosema.

Usiku wakati wanawake wanachambua mchele wa pilau, mimi nipo nao kwenye mkeka lakini sipo. Kikubwa kimya, kadogo kanawasha. Kale kadogo ni riseti. Riseti haiwashi mashine iliyozimika, haijawahi, kazi yake ni kuianzisha upya ikiwa hai. Labda...

Nikauacha ungo. Nikaingia kwenye kompyuta, nikaizima vizuri kutoka ndani ya Windows, nikasubiri taa iwe ya kijivu. Kwenye ukurasa wa kisanduku kuna vitufe viwili, pawa na riseti. Nikabonyeza riseti.

Taa ikageuka kijani.

Yule kijana amegeuza waya! Kwenye mazabodi nyingi pini za pawa na za riseti zimekaa mistari miwili inayogusana, jozi moja juu ya nyingine, ukiwa na haraka na hutaki kushikiwa tochi unachomeka hii mahali pa ile. Na kwa kuwa vitufe vya kava navyo siku hizi vinapitia kwenye kipande cha bodi cha kisanduku kabla ya kufika kwenye mazabodi, vyote vikageuka kwa pamoja, vya mbele na vya kwenye simu. Siku ya majaribio mashine ilikuwa hai, kwa hiyo alipobonyeza pawa alikuwa anabonyeza riseti, ikajianzisha upya, akaniambia imezima imewaka. Ndiyo maana feni hazikunyamaza. Angeizima kwanza, mara moja tu, tungejua pale pale. Na mimi ningeinuka kwenye kile kiti.

Kinachouma zaidi: Jumapili nzima nilikuwa na uwezo wa kuiwasha. Kitufe cha pili kilikuwa sentimita moja pembeni ya kidole changu. Sikukibonyeza kwa sababu najua riseti ni nini. Mzee hajui, ndiyo maana aliweza.

Sasa nikisifu kisanduku, maana kinastahili. Nilipokuwa hapo hapo kwenye mkeka nikaianzisha upya mashine na kupigapiga Delete kwenye kibodi ya simu, na bayosi, ile mipangilio ya mashine inayokuja kabla ya Windows, ikafunguka mbele yangu. Bayosi ya kompyuta iliyoko Dar, mimi niko Tanga, mkono mmoja una vumbi la mchele. Nikatafuta ile sehemu ya kuamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, nikaiweka iwake yenyewe. Hiyo ni kazi ambayo zile programu zangu za ndani ya Windows haziiwezi. Nilitaka kumwonyesha binamu, nikakumbuka, nikaacha. Picha yake si ya kufanyia kazi, kipanya kinachelewa kama kina usingizi, hasa kwa bando la simu. Hapo kinakuamshia mashine tu, halafu unaingia kwa programu yako ya kawaida. Mimi kwa hilo nakipa nyota tano.

Hapana, nne. Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi ina mchoro wa pini mdogo kuliko ukucha, na hakuna mahali popote wanapokwambia ujaribu mashine ikiwa imezimika. Mstari mmoja tu ungeniokoa.

Niliporudi Dar nilifungua kava, nikajishikia tochi kwa meno. Ilikuwa vile vile nilivyofikiri: waya wa pawa kwenye RST, yaani pini za riseti, na wa riseti juu yake, kwenye pini za pawa. Sekunde thelathini kuvibadilisha, ukihesabu na kuokota kimoja kilichoniponyoka. Nikapiga picha kabla na baada, nikamtumia fundi pamoja na duka lililomleta. Duka wakasema pole, wakanipa namba ya fundi mwingine. Kijana mwenyewe alijibu baada ya siku kadhaa, ujumbe mmoja: "Lakini si ilikuwa inawaka?"

Nimeusoma mara nyingi. Kila mara nakitoa kisanduku nyota moja, halafu naona nakionea, narudisha. Ufundi hauna nyota hata robo. Duka lililoniuzia sijui nilipatie ngapi. Bei yao haikuwa mbaya, na yule dada wa kaunta aliniambia tangu mwanzo, "Hiki wengi wanafunga wenyewe," nikamwona ananikwepa.

Wiki iliyopita nilikwenda Morogoro, nikaizima makusudi, na usiku nikaiwasha kwa pawa, pawa ya kweli, ikapanda mara ya kwanza. Nikafurahi mno. Dakika mbili baadaye mzee akapiga, ananong'ona. Yuko nje ya mlango wa ofisi na rungu, amesikia kitu kinavuma ndani na taa za buluu zinawaka, anauliza amwite nani, polisi au mwenyekiti wa mtaa?