Kozi ya uongozi wa ufundishaji Kisumu: maoni ya naibu mwalimu mkuu

Mimi ni naibu mwalimu mkuu wa shule ya kutwa huku Vihiga. Nilijilipia kozi ya uongozi wa ufundishaji iliyofanyika Kisumu likizo ya Aprili, kisha ikaendelea mtandaoni muhula wa pili. Taasisi siitaji, maana nina malalamiko. Lakini mafunzo ya kukagua somo peke yake yalirudisha pesa yangu.

Mwezeshaji, mwalimu mkuu mstaafu, alituonyesha video ya somo la Hisabati. Ilipoisha tukaanza kumchambua mwalimu: sauti, matumizi ya ubao, andalio la somo. Akatukatiza: "Yule msichana wa dawati la mwisho karibu na dirisha, aliandika nini daftarini?" Kimya. Ukumbi mzima wa wakuu na manaibu, hakuna aliyekuwa amemtazama. Tukairudia video, safari hii sifa na lawama zikiwa marufuku. Andika kilichosemwa, nani kakisema, na wanafunzi wanafanya nini. Jaribu uone, mkono wenyewe unakimbilia kuandika "somo zuri".

Kisha tukajizoeza mazungumzo ya baada ya somo, wawili wawili, mmoja akiigiza mwalimu aliyenuna. Ukianza na "Mwalimu, somo lilikuwa zuri, ila..." unasimamishwa, unaanza upya. Wengine tulianza upya mpaka aibu ikatutoka.

Shuleni ndiko nilikoona faida. Walimu wetu wamezoea kwamba mkubwa akiingia darasani na karatasi ni mambo ya TPAD, ile tathmini rasmi ya utendaji wa walimu: fomu ijazwe, sahihi itiwe, alama ziingizwe kwenye mfumo wa TSC (tume inayoajiri walimu), basi. Mwenzangu wa Kemia alinipokea kwa "Naibu, nimekosa nini tena?" Niliketi nyuma na daftari tu. Baadaye nilimsomea maswali yake mwenyewe, na jinsi alivyoyajibu kabla darasa halijavuta pumzi. Kozini tulikuwa tumejadili kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti Mmarekani aliyeonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kama sekunde 1 tu, na kwamba wakifikisha sekunde 3 majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Nilipomweleza hayo, mwenzangu alicheka, akaniambia nirudi nimhesabie sekunde. Siku hizi yeye ndiye anayeniita.

Mihadhara sasa. Slaidi nyingi zililetwa kutoka Marekani zilivyo, za shule ambazo mkuu ana wasaidizi kadhaa na kocha wa ufundishaji. Mkuu wa kwetu ana vipindi vyake vya kufundisha, anafuatilia pesa za serikali zilizochelewa, mzazi yuko mlangoni na bodi inamsubiri. Hiyo saa ya kuingia darasani ataitoa wapi? Wakuu wa shule za msingi walikuja na swali zito zaidi. Tangu Januari 2023 madarasa ya sekondari msingi (gredi ya 7 hadi 9) yamo katika shule zao, na mwalimu wa Sayansi mwenye digrii hakubali kirahisi kukaguliwa na mkuu aliyeanza kazi na cheti cha P1, kile cha ualimu wa shule za msingi. Waliambiwa swali lisubiri. Lilisubiri mpaka tukafunga.

Masomo ya mtandaoni sikuyapenda: video nzito zinazokula bando, na kazi za kuandika ambazo sidhani kuna mtu aliyezisoma.

Kama unatafuta stashahada ya uongozi ya kuambatisha kwenye maombi ya cheo, nenda KEMI, taasisi ya serikali ya mafunzo ya usimamizi wa elimu, kazi yao ndiyo hiyo. Kozi hii inamfaa naibu au mkuu wa idara ambaye tayari anaruhusiwa kuingia katika madarasa ya wenzake. Usiposhika daftari ukaingia, utabaki na slaidi.

Cheti kilikuja muhula uliofuata, jina langu likiwa limeandikwa vibaya. Nimekirudisha na bado nakingoja.