Kombaini kwa Mashamba ya Malindi na Lamu: Ipi Ununue, Ipi Ukodi

Kabla hujauliza bei, ingia shambani uhesabu miti. Magarini, Witu na Mpeketoni, mashamba mengi yana minazi, mikorosho au miembe katikati ya mahindi, na chini kunde zimetambaa. Kombaini, mashine inayovuna na kupura kwa pamoja, haipenyi hapo. Inataka zao moja, mistari iliyonyooka, visiki vimeng'olewa na nafasi ya kugeuzia. Usipokuwa na hayo, muuzaji asikupotezee muda.

La pili ni ekari. Kombaini yenye kichwa, yaani sehemu ya mbele inayovuna, cha mistari 6, mistari ikiachana sentimita 75, huvuna upana wa mita 4.5. Ikienda kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza na kumwaga nafaka, inamaliza kama ekari 4 kwa saa. Mwenye ekari 20 basi anamaliza adhuhuri, halafu mashine inakaa hadi msimu ujao ikiliwa na chumvi ya bahari. Ndiyo maana, katika njia nne ninazozipanga hapa chini, nafasi ya kwanza sikuipa kombaini.

Ya kwanza ni mashine ya kupukuchua mahindi, ya kuendeshwa na trekta au injini ya dizeli. Vibarua wanavunja mahindi kwa mkono, wanaipitia mikorosho bila shida, na mashine inamaliza kazi uani. Ikiharibika, fundi wa kulehemu aliye karibu anaiweza. Mwenye chini ya ekari 30 anaweza kuishia hapa.

Ya pili, kukodi. Ungeni majirani, kwa kuwa mwenye kombaini hasafiri mbali kwa ajili ya ekari 5. Kubalianeni mapema nani analipa lori la kuibeba na nani anatia dizeli.

Ya tatu ni kombaini ndogo ya mikanda ya mpira, mfano Kubota DC-70, yenye kichwa cha kama mita 2. Hii ni ya mpunga: mikanda inasambaza uzito, haizami kwenye tope kama magurudumu. Mwenye shamba upande wa Garsen aifikirie. Wa mahindi aiache, labda muuzaji aonyeshe kichwa cha mahindi kinachoingia humo, na aonyeshe kikifanya kazi.

Ya mwisho ni kombaini kubwa iliyotumika, za Claas, New Holland au John Deere. Bei yake huvutia, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Nyingi zilivuna ngano huko Ulaya, zinakuja na kichwa cha ngano tu, na kichwa cha mahindi ni gharama nyingine kabisa. Kisha kichwa hicho lazima kilingane na mistari ya mashine yako ya kupandia. Uliyepanda kwa jembe bila kamba, mistari yako haitaingia. Inamfaa mwenye mamia ya ekari, hasa za umwagiliaji kando ya Sabaki, au anayetaka kufanya biashara ya kukodisha.

Ukiinunua, usiridhike na injini inayonguruma. Fungua ngoma ya kupuria utazame vyuma vyake na wavu ulio chini yake, maana vikilika, nafaka inavunjika au inabaki kwenye gunzi. Punje iliyovunjika huingiwa na ukungu upesi, na kwa unyevu wa pwani yetu hiyo ni njia ya sumukuvu. Kagua kutu chini ya tangi la nafaka. Uliza pia beringi na mikanda inapatikana Mombasa au inaagizwa ng'ambo, kwa sababu mashine ikikatika katikati ya mavuno, mahindi hayasubiri.

Na kombaini haikaushi. Mahindi yanavunwa vizuri unyevu ukiwa kati ya asilimia 18 na 25, lakini ghalani yasizidi 13.5. Manyunyu ya Julai yanaweza kukukuta na tani kadhaa mbichi kwa siku moja, kwa hiyo turubai na kipima unyevu viingie kwenye bajeti kabla ya malipo ya kwanza ya mashine.