Mbolea ya fosfati ya Minjingu kwenye soya
Katika shamba letu la Songea, ambako udongo una tindikali, niliweka fosfati ya Minjingu, mbolea ya mwamba uliosagwa, wakati wa kupanda soya, nami nimeridhika nayo kabisa, kwa kuwa tindikali hiyo ndiyo inayoyeyusha polepole mwamba huo wa Manyara hadi mizizi iweze kuufyonza. Maganda yalijaa vizuri. Urea, mbolea ya naitrojeni, sikuiweka, kwani vinundu vya mizizi vilivyo vyekundu ndani huonyesha kwamba bakteria wanakamata naitrojeni ya hewani. Bakteria hao huchanganywa na mbegu kivulini. Pakiti ya bakteria niliyouziwa mwanzoni, iliyokuwa imeanikwa juani dukani, ilinipa vinundu vichache vyeupe, na hilo liliniuma sana. Wenye udongo wa chokaa nawashauri wanunue TSP, mbolea ya fosfati inayoyeyuka bila kuhitaji tindikali ya udongo.