Ndege ya Dar kwenda Zanzibar: dakika 20 angani, hizo zingine zinaishia chini

Kila siku watu wanauliza Dar na Zanzibar kwa ndege ni muda gani, jibu la haraka ni dakika 15 mpaka 20 basi, maana kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka wa Abeid Amani Karume ni km 73 hivi, ndege inanyoosha kaskazini moja kwa moja. Sasa hapo ndo watu wanapoingia mkenge, wanadhani safari nzima ni hizo dakika 20.

Mimi huwa napanda zile ndogo, Cessna Caravan za injini moja, abiria kama 12 hivi, zinaondokea Terminali 1 ile ya zamani sio kule Terminali 3. Angani nawapa nyota tano bila kubania. Bawa liko juu kwahiyo dirishani hakuna kinachokuziba, wakati wa kwenda kaa kulia utaona mabati ya Dar yote, Bongoyo, Mbudya, halafu bahari inaanza kubadilika rangi, hujakaa sawa rubani keshaanza kushuka na watu wa kushoto wanapiga picha kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa. Soda hupewi wala karanga, na muda wenyewe wa kutafuna uko wapi.

Shida iko chini. Posta mpaka uwanjani ni km 12 tu lakini jioni Nyerere Road unaijua, hata na ile flyover ya Mfugale pale Tazara bado unaweza kukaa kwenye foleni kuliko utakavyokaa hewani. Ufike lisaa kabla. Mzigo kilo 15 na begi liwe laini, na usishangae ukiambiwa panda kwenye mzani wewe mwenyewe na begi lako, ndege ndogo hiyo lazima wapige hesabu ya uzito. Halafu kuna kampuni moja (siitaji) walituweka kwenye benchi weee, kumbe ndege bado iko mbugani inachukua watalii, na hamna aliyekuja kusema lolote mpaka mzee mmoja akainuka kaunta, "kijana, hii ndege yetu ipo au tukapande boti?" Kijana anacheka tu. Hapo nakata nyota mbili.

Na mzee alikuwa na hoja. Boti ya Azam inatumia kama masaa mawili ila unapandia mjini na unashukia Malindi, Mji Mkongwe huo hapo, unatembea. Uwanjani Zanzibar bado una km 7 hivi za kufika mjini, teksi watakutajia bei ya mzungu, kama huna mzigo mkubwa panda daladala ya 505 mpaka mjini.

Kwahiyo kama unaishi Ukonga, Banana, Gongo la Mboto huko, panda ndege wala usijiulize. Wa Upanga na Kariakoo boti inawatosha, isipokuwa miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka na vile vimfuko vya kutapikia vinagawiwa kweli. Na wewe unayetua kutoka Mwanza unaunganisha Zanzibar usihangaike na bandari, ila ulizia mapema terminali gani, toka moja kwenda nyingine sio pua na mdomo.