Ushauri wa kuwekewa titi la silikoni: nilivyohudumiwa kwenye kliniki moja Arusha

Wenzangu mliotolewa titi kwa saratani na mnafikiria kuwekewa la silikoni, huduma ya ushauri ya kliniki hii naisifu kwa moyo wote.

Daktari hakuanza na bei. Aliuliza kwanza kama nilipigwa mionzi. Nilipigwa, baada ya kemo. Akaishika ngozi ya kifua upande ule kwa vidole viwili, akaivuta, ikagoma. Kisha akaivuta ya upande wa pili, ikaja. "Umeona tofauti, mama?" Ngozi iliyopigwa mionzi haipati damu ya kutosha, kidonda huchelewa kufunga. Tena kila mwili hujenga utando wa kovu kuzunguka kifuko cha silikoni, na kwa sisi wa mionzi utando huo hukaza kwa urahisi zaidi, titi likawa gumu, likapanda juu, likauma. Wapo wanaolazimika kurudi kukitoa.

Mengine aliyataja bila kuficha: damu kuvujia ndani, maji kujaa, usaha, ngozi kufa. Mwenye sukari, mvuta sigara au mnene sana hatari yake huongezeka. Na kifuko si cha maisha. Kinaweza kupasuka usisikie chochote, ndiyo maana FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inashauri kipimo cha MRI au ultrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekewa, halafu kila miaka 2 au 3. Hapo nilijiuliza hizo MRI nitazilipia na nini.

Niliuliza kuhusu vifuko vyenye gamba la kukwaruza. Alinijibu waziwazi kwamba mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni vyake vya Biocell duniani kote, kwa sababu ya aina adimu ya limfoma, saratani ya chembe za kinga, inayoota kwenye ule utando. Yeyote atakayenifanyia, nidai kadi yenye aina na namba ya kifuko.

Kwangu mimi alipendekeza kujengewa titi kwa nyama ya mgongoni mwangu badala ya silikoni, au niendelee na sidiria yenye titi la bandia. Hakunisukuma popote.

Mapokezi wajirekebishe. Kwenye simu hawakutaja gharama ya kumwona daktari, wala kwamba bima yangu hawaipokei. Mtu anayetoka Moshi na Coaster alfajiri anastahili kujua mapema.

Ukienda, beba majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) na barua ya mionzi yenye tarehe. Daktari ataviomba kabla hujakaa.