Stendi ya kukunja ya kuanikia nguo: uzoefu wangu kwenye nyumba ya kupanga

Mkataba wangu wa pango unakataza kutoboa ukuta, na nje hakuna pa kufunga kamba. Kwa hiyo naanika ndani. Kati ya vifaa vyote nilivyojaribu, kilichobaki ni stendi ya kukunja yenye mabawa mawili: fito za katikati, bawa kila upande, miguu inayopishana. Ukiikunja inakuwa bapa na kuingia nyuma ya mlango. Boksi lake linajigamba kwamba ina mita 18 za kuanikia. Ukizipima fito zote utazipata kweli, lakini ukizijaza zote kwa mkupuo mmoja nguo zinagusana na hakuna itakayokauka kwa wakati. Mimi huihesabu kuwa na nusu ya hizo.

Kabla yake kulikuwa na kamba ya kujivuta, ile inayojikunja yenyewe ndani ya kijumba chake. Kamba ni nzuri, shida ni pa kuishikiza. Bila skrubu, unabaki na ndoano za kubandika kwa gundi, na ndoano hizo zimetengenezwa kubeba vitu vyepesi. Taulo mbili mbichi na suruali ya jinzi zikaning'inia, gundi ikaachia, ikashuka na rangi ya ukuta. Mpangaji anayetaka amana yake irudi salama aachane nazo. Fimbo ya kubana kati ya kuta mbili za bafu, hiyo naisifu: haina gundi wala msumari, na inabeba mashati yaliyotundikwa kwenye henga bila malalamiko. Bado ninayo, na mashati yanapokaukia kwenye henga pasi inakuwa na kazi ndogo sana.

Nirudi kwenye stendi. Wengi wanaoisema vibaya wanailaumu bure. Stendi haikaushi nguo, hewa inayopita ndiyo inayokausha. Kila lita 1 ya maji inayotoka kwenye nguo inahitaji joto la karibu uniti 0.7 ya umeme ili igeuke mvuke, na joto hilo linachotwa kwenye hewa ya chumba. Pasipo jua, unategemea hewa mpya iingie na ile iliyokwisha kulowa itoke. Hewa ikijaa unyevu na dirisha limefungwa, nguo zitalala mbichi na kuamka mbichi.

Mahali pa kuiweka, basi, pana uzito kuliko aina uliyonunua. Yangu inakaa karibu na dirisha lililofunguliwa kidogo, na mlango wa chumba nauacha wazi ili upepo upite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Siigandamizi ukutani, naacha nafasi ya kutosha mkono kupita, kwa sababu ukuta ulio nyuma ya nguo mbichi ndio wa kwanza kuota ukungu, na ukungu huo mwenye nyumba atauona siku ya kukabidhi funguo. Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) linashauri unyevu wa ndani ubaki chini ya asilimia 60, na vizuri zaidi uwe kati ya 30 na 50. Kipima unyevu kidogo cha kuweka mezani kinatosha kukuonyesha namba hiyo ikipanda unapoanika. Mvua ikishinda siku nzima, nawasha feni kwa kasi ya chini na kuielekeza chini ya mabawa ili upepo upande katikati ya nguo. Feni inakula umeme kidogo na inashinda hita katika chumba kilichofungwa, maana hita bila mlango wa kutokea unyevu inakupa chumba cha mvuke tu.

Kingine ni kukamua. Maji yaliyotoka kabla ya kuanika ni maji ambayo hewa haitahangaika nayo. Kwenye mashine napandisha mizunguko ya kukamua ikiwa kitambaa kinaruhusu. Nguo za kufua kwa mkono nazitandaza juu ya taulo kavu, nazikunja pamoja kama mkeka, kisha naukanyaga mkunjo huo kwa magoti. Sweta haliwezi kuninginizwa, litavutika mabega. Hilo nalilaza juu ya fito za katikati.

Sasa fito zenyewe, hapa ndipo stendi zinapotofautiana kweli. Zangu ni nyembamba. Taulo ikining'inia kwenye fito moja nyembamba, pande zake mbili zinashikana, na ule ukanda wa juu unaobaki umekunjwa unakuwa wa mwisho kukauka. Dawa yake ni kuipitisha juu ya fito mbili au tatu ili iwe na tumbo katikati, hewa ipite chini yake. Jinzi naigeuza ndani nje, navuta mifuko itoke nje, halafu naibana kiunoni ili iwe wazi kama mfereji. Kabla ya kuianua naugusa mshono wa kiunoni kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa baridi kuliko sehemu nyingine, bado kuna maji. Soksi na chupi nazipeleka kwenye mabawa ya pembeni. Vizito vikae katikati, kwani bawa lililolemewa upande mmoja linaiangusha stendi nzima na nguo zote, na utafua upya.

Uvundo nao una kisa chake. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mhusika mkubwa wa harufu ile ya nguo zilizochelewa kukauka ni bakteria aitwaye Moraxella osloensis, na kwamba anastahimili ukavu. Ndiyo maana taulo iliyokwisha kuvunda inanuka tena ikiguswa na maji tu, hata kama jana ilionekana safi. Manukato hayamwondoi. Kufua kwa maji ya moto kunasaidia, kama kitambaa kinayavumilia, na kuwahi kukausha kunasaidia zaidi.

Kasoro za stendi yangu ziko mbili. Chuma chake kimepakwa rangi nyeupe, na rangi hiyo ilianza kubanduka kwenye viungo, pale fito zinaposuguana kila inapokunjwa. Chini ya rangi kuna kutu, na kutu ikigusa shati jeupe lililolowa inaacha mstari wa kahawia usiotoka kwa sabuni ya kawaida. Nimezungushia viungo hivyo utepe wa plastiki. Ya pili ni vile vikofia vya mpira vya miguuni: vinachomoka ukiiburuta, na mguu mtupu unakwaruza vigae. Usiiburute, inyanyue. Ningenunua leo, ningeongeza pesa nichukue ya alumini au chuma cha pua, na ningeikunjua dukani kabla ya kulipa nione kama mabawa yanashikwa na chuma au na kipande cha plastiki, kwa sababu plastiki hiyo ndiyo huvunjika kwanza.

Shuka za kitanda kikubwa naweza kuzimudu, nikizikunja mara mbili na kuzigeuza katikati ya safari. Blanketi zito hapana. Linajaza stendi yote, linashinda siku nzima likidondosha maji sakafuni na bado linabaki bichi kwa ndani. Hilo nampelekea dobi.